Regyuleta Inachemka? Piga Hesabu Kabla ya Kununua Hitisinki

Swali huwa linakuja hivi: "Fundi, 7805 yangu inaunguza kidole, niifungie feni?" 7805 ni regyuleta, yaani chipu inayopokea volti nyingi na kutoa 5 tu. Siku mbili hazipiti, anakuja mwingine na lile lile, ila yake ni ile ndogo ya AMS1117 iliyobanwa kwenye bodi. Nami huuliza mambo mawili tu. Inaingia volti ngapi? Mzigo unakula ampea ngapi? Hapo wengi hunyamaza, kwa sababu hitisinki, lile bati la kupoozea chipu, wameshanunua, lakini mita hawajaigusa.

Kwa hiyo nimeandika hatua zote hapa, tusirudierudie. Nitatumia saketi moja ya kweli kama mfano. Kijana mmoja alitengeneza kidhibiti cha pampu ya maji shambani: betri ya sola ya volti 12, 7805 ya kutoa volti 5, Arduino Nano (bodi ndogo yenye programu inayoongoza mtambo), skrini ndogo, kihisi cha kina cha maji kwenye tenki, na rilei mbili za volti 5 (swichi zinazowashwa kwa umeme wa koili iliyo ndani yake). Asubuhi mtambo ulifanya kazi vizuri. Ikifika saa sita mchana skrini inazima, rilei zinaachia, baada ya sekunde chache kila kitu kinarudi, kisha kinazima tena. Alishabadilisha 7805 tatu na alikuwa amekata shauri kwamba muuza duka anamwuzia feki. Tutaona kwamba muuza duka hakuwa na kosa.

Andaa vitu hivi kwanza

Mita ya kupima volti na ampea, hata ile ya bei rahisi. Betri au chaja unayotumia kweli, siyo nyingine ya kujaribia. Pasi ya kulehemu na lehemu. Kapasita mbili ndogo, ya mikrofaradi 0.33 na ya 0.1. Kikokotoo cha simu. Hitisinki, grisi ya joto na moduli ya kushusha volti usinunue bado. Huenda usivihitaji.

Nadharia ni kidogo tu. Regyuleta kama 7805 haibadilishi volti zilizozidi kuwa kitu cha maana. Inazichoma. Volti 12 zikiingia na 5 zikatoka, zile 7 zimegeuka joto, na kadiri mzigo unavyovuta ampea nyingi ndivyo joto linavyoongezeka. 7805 nzima, isiyo na hitilafu yoyote, inaweza kukuunguza kidole kwa kufanya kazi iliyoumbiwa.

1. Pima volti inayoingia, wakati ule mbaya kabisa

Usisome kilichoandikwa kwenye betri. Betri ya "volti 12" ikiwa inachajiwa na paneli jua likiwa kali hufika volti 14.4. Kwenye pikipiki ni vivyo hivyo injini ikiwa inanguruma. Weka mita kwenye mguu wa kuingilia wa regyuleta na upime saa ambayo volti iko juu zaidi.

Wanaotumia transfoma ya umeme wa nyumbani ndio hukosea zaidi. Transfoma ya volti 12 ikishapita kwenye dayodi nne na kapasita kubwa haitoi 12. Unazidisha 12 kwa 1.41, unatoa 1.4 iliyoliwa na dayodi, unabaki na 15.5 hivi, na bila mzigo inapanda zaidi ya hapo. Kwa 7805, transfoma ya volti 9 inatosha kabisa. Upande wa umeme wa ukutani usiupime kama hujawahi kuonyeshwa namna ya kufanya. Ule haukupi nafasi ya kujifunza kwa makosa.

Kijana wetu alipima saa moja asubuhi akapata 12.4. Nikamwambia apime tena saa sita. Akapata 14.4.

2. Pima ampea za mzigo

Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, kata njia kati ya mguu wa kutokea na mzigo, kisha pitisha umeme ndani ya mita. Washa kila kitu kinachoweza kuwaka kwa pamoja: rilei zote, taa ya skrini, moduli ya simu ikiwa inapiga.

Tahadhari: ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti hapo hapo. Ukiuacha kwenye 10A halafu ukagusa betri ukidhani unapima volti, umepiga shoti. Fyuzi nyingi za mita hufa kwa kosa hili, na tundu la 10A la mita za bei rahisi mara nyingine halina hata fyuzi.

Kwenye mfano wetu, bodi, skrini na kihisi vilikula miliampea 75. Kila rilei ilikula 70. Jumla 215. Angalia namba hizo vizuri, tutazirudia: rilei mbili zinakula karibu mara mbili ya vingine vyote vikijumlishwa.

3. Toa, zidisha, ujue wati

Toa volti inayotoka kwenye volti inayoingia, zidisha kwa ampea. Asubuhi: 12.4 toa 5 ni 7.4, mara 0.215, ni wati 1.6. Saa sita: 9.4 mara 0.215, ni wati 2.

Sasa geuza wati kuwa joto. 7805 ya umbo la kawaida, ile yenye mgongo wa chuma wenye tundu, ikisimama hewani bila hitisinki hupanda takriban nyuzi 65 kwa kila wati moja. Zidisha, kisha ongeza joto la mahali ilipo. Mahali ilipo ni ndani ya boksi. Hali ya hewa ya mjini achana nayo. Asubuhi shambani: nyuzi 104, ongeza 25 za hewa, 129. Saa sita boksi limepigwa na jua ukutani, ndani ni kama nyuzi 45: 131 ongeza 45, ni 176.

Chipu hii inatakiwa isizidi 125 ukitaka idumu. Ikipita takriban 150 inajizima yenyewe isiungue, inapoa kidogo, inajiwasha, inachemka tena. Ndiyo ile washa-zima ya saa sita mchana. Zile 7805 tatu alizozitupa zilikuwa zinajilinda.

Ukishapata wati zako, mimi hukata hivi. Chini ya nusu wati, endelea na maisha. Nusu wati hadi moja, hakikisha inapata hewa na haijabanwa na plastiki. Kati ya moja na tatu, fuata hatua ya 4 na ya 5 kabla hujafikiria hitisinki. Zaidi ya tatu, ruka hadi hatua ya 7, maana unapasha hewa joto kwa betri uliyoinunua kwa pesa.

4. Ondoa mzigo usiokuwa na haja ya kupita pale

Hatua hii hairukwi na fundi ninayemheshimu, na hurukwa na karibu kila anayeanza. Jiulize kwa kila kifaa: je, lazima kile volti 5? Bodi, ndiyo. Kihisi, ndiyo. Rilei? Duka lile lile lililokuuzia rilei ya volti 5 lina ya volti 12, umbo lile lile, miguu ile ile, na inakula miliampea 30 tu. Feni ndogo za volti 12 zipo. Taa za LED za utepe wa volti 12 zipo. Vyote hivi vichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Kwa rilei ya volti 12 unahitaji transista ndogo, kwa mfano BC547, kwa sababu mguu wa Arduino hauwezi kuendesha volti 12. Ina miguu mitatu: beisi, emita na kolekta. Rezista ya kilo-ohm 1 itoke kwenye mguu wa bodi hadi beisi. Emita iende hasi. Kolekta ishike upande mmoja wa koili, na upande wa pili wa koili uende kwenye chanya ya betri. Kisha dayodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake mweupe ukielekea chanya. Ukiisahau dayodi hiyo, rilei ikiachia itarusha mshtuko wa volti nyingi na transista itakufa, pengine na bodi juu yake. Hasi ya betri na hasi ya bodi lazima ziungane.

Sasa rudia hesabu. 7805 imebaki na miliampea 75. Saa sita: 9.4 mara 0.075 ni wati 0.7. Mara 65 ni nyuzi 46, ongeza 45 za boksi, ni 91. Hakuna hitisinki, hakuna feni. Rilei mbili, transista mbili, dayodi mbili, rezista mbili. Kijana alitaka kubisha kwamba haiwezekani iwe rahisi hivyo, ila alipoiwasha akanyamaza.

5. Punguza volti kabla haijafika

Mzigo ukigoma kupungua, punguza kinachoingia. 7805 inahitaji volti 2 hivi juu ya inachotoa, yaani 7. Mpe 7.5 hadi 9 itafurahi. Ukimpa 15, zote zilizozidi ni moto.

Kama chanzo chako ni chaja ya ukutani, badilisha chaja: ya volti 9 badala ya 12. Kama ni betri, weka rezista kubwa kabla ya regyuleta ibebe sehemu ya joto. Kwa mzigo ule wa miliampea 215: betri ikishuka sana iko kwenye 11, nataka ibaki 7.5, kwa hiyo ninazo volti 3.5 za kupoteza. 3.5 gawanya kwa 0.215 ni ohm 16. Chukua ya 15 inayopatikana madukani. Yenyewe itachoma wati 0.7, kwa hiyo nunua ya wati 2, siyo ile nyembamba ya robo wati itakayokufukizia moshi. Kwa volti 14.4, regyuleta itabaki na wati 1.3 badala ya 2.

Joto halijapungua hapo, limegawanywa tu. Rezista huvumilia moto kuliko chipu, hiyo ndiyo faida. Kapasita ya kuingilia ikae baada ya rezista, karibu na mguu wa regyuleta. Na usitumie njia hii kwa mzigo wenye kurukaruka. Moduli za simu kama SIM800L huvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo zikitafuta mtandao. Rezista itazinyima pumzi na zitajizima.

6. Sasa hitisinki, lakini ifunge ipasavyo

Hitisinki ni lile bati la alumini lenye mapezi. Kwa wati moja hadi tatu, ile ndogo ya kufungwa kwa skrubu mgongoni mwa 7805 husaidia sana. Kipande cha alumini cha unene wa milimita 2 ulichokata kwenye mabaki ya fundi wa madirisha nacho kinafaa. Kipige msasa kiwe bapa, toboa tundu, ondoa mabaki ya chuma kuzunguka tundu.

Paka grisi ya joto, ile nyeupe ya prosesa za kompyuta, nyembamba kama mafuta ya kujipaka. Kazi yake ni kuziba mianya midogo kati ya chuma na chuma. Ukipaka nene kama siagi kwenye mkate umeweka blanketi. Kaza skrubu kwanza, ndipo ulehemu miguu. Ukilehemu kwanza kisha ukakaza, unaivuta miguu na mgongo hautalala sawasawa.

Mapezi yasimame wima hewa ya moto ipande. Boksi liwe na matundu chini na juu. Boksi la plastiki lililofungwa pande zote linaifanya hitisinki yoyote kuwa pambo.

Tahadhari kubwa: mgongo wa chuma umeungana na mguu mmoja ndani. Kwa 7805 ni hasi, kwa hiyo ukigusa boksi la chuma hakuna neno. Regyuleta nyingine hazifanani nayo. Kwa LM317, ile ya kurekebisha volti, ni mguu wa kutokea. Kwa 7905, ile ya volti hasi, ni mguu wa kuingilia. Ukifunga 7805 na LM317 kwenye bati moja bila karatasi ya maika isiyopitisha umeme na bushi ya plastiki ya skrubu, umepiga shoti volti zako kwenye hasi. Pia mpangilio wa miguu haufanani: 7805 ukiitazama maandishi ni kuingia, hasi, kutoka, LM317 ni kurekebisha, kutoka, kuingia. Usichomoe moja ukachomeka nyingine.

Zile ndogo za AMS1117 hazina pa kufungia skrubu. Hitisinki yao ni shaba ya bodi yenyewe, kupitia ule mguu mpana. Ukibuni bodi yako mwenyewe waachie eneo kubwa la shaba pale. Na usiwape volti 12 kulisha ESP32, bodi ndogo yenye Wi-Fi, kwa volti 3.3: 8.7 mara 0.25 ni zaidi ya wati 2 kwenye kitu cha ukubwa wa punje ya mchele. Wape volti 5.

7. Wati zikizidi tatu, acha 7805

Kuchaji simu kwa ampea 1 kutoka betri ya sola: 7 mara 1, wati 7 za moto ili simu ipate wati 5. Hapo nunua moduli ya kushusha volti kwa kukatakata umeme. Kariakoo au Luthuli Avenue ukitaja LM2596 utapewa bila maelezo. Kwa kazi hiyo hiyo, ufanisi wake ukiwa asilimia 80, itapoteza wati 1.25, na betri itatoa karibu nusu ampea badala ya moja nzima. Mwenye betri ndogo ataona tofauti usiku.

Tahadhari: irekebishe kabla ya kuunganisha mzigo. Unganisha betri upande wa kuingia, mita upande wa kutoka, zungusha skrubu ya shaba hadi 5.0. Inaweza kuhitaji mizunguko kumi au zaidi kabla volti haijaanza kusogea. Watu huzungusha mara mbili, wanaona haibadiliki, wanadhani ni mbovu. Moduli imeandikwa ampea 3, lakini bila hitisinki mimi siivushi 2.

Kasoro yake ni kelele. Redio na vikuza sauti huisikia kama mluzi au mvumo. Kwa kazi hizo shusha kwa moduli hadi 7.5, kisha malizia na 7805. Moto kidogo, umeme safi.

8. Kapasita mbili, karibu na miguu

Ya 0.33 kati ya kuingia na hasi, ya 0.1 kati ya kutoka na hasi, zisiwe mbali na chipu. Waya wa betri ukiwa mrefu na kapasita hazipo, 7805 inaweza kuanza kutetemeka, volti ikipanda na kushuka kwa kasi ambayo mita haioni, na inachemka hata kama mzigo ni mdogo.

9. Jaribu saa nzima, boksi likiwa limefungwa

Siyo dakika mbili juu ya meza. Mzigo wote uwake, boksi mahali litakapokaa. Kisha zima, fungua, gusa mgongo. Ukiweza kushika kwa sekunde tano, uko chini ya nyuzi 60 hivi, salama. Ukitoa mkono mara moja, rudia hesabu ya hatua ya 3, na ikizidi 125 rudi hatua ya 4. Ukiwa na wasiwasi usiguse kwanza. Dondosha tone la maji kwenye ncha ya hitisinki, mbali na miguu, lisikilize kama linachemka.

Ikiendelea kusumbua

Inachemka hata bila mzigo. 7805 yenyewe hula miliampea 5 hivi, joto ambalo kidole hakilisikii. Kwa hiyo kuna shoti upande wa kutoka, miguu imegeuzwa, au kapasita hazipo. Chomoa kila kitu upande wa kutoka, urudishe kimoja kimoja.

Hitisinki baridi, chipu inaunguza. Hazijagusana. Fungua utazame alama ya grisi: ikiwa imeenea upande mmoja tu, imekaa mshazari.

Hitisinki inaunguza, chipu nayo, lakini mtambo hauzimi. Hitisinki inafanya kazi yake, ila ni ndogo au haina hewa.

Volti 5 inashuka hadi 4 na kitu. Pima mguu wa kuingilia mzigo ukiwa umewashwa. Ukikuta chini ya 7, tatizo ni betri iliyochoka au waya mwembamba. Hitisinki haitasaidia lolote.

Arduino Uno inajiwasha upya servo (mota ndogo ya kugeuza kwa kipimo) ikisogea. Umeilisha volti 12 kwenye tundu la duara na servo inakula kwenye mguu wa 5V. Regyuleta ya pale ni ndogo, haikuwekwa kwa ajili ya mota. Servo ipewe umeme wake, hasi ziunganishwe.

Mguu wa kutoka unasoma sawasawa na wa kuingia. Kwanza hakikisha mguu wa hasi umelehemiwa vizuri, maana hasi ikiachia 7805 hupitisha volti karibu zote. Ikiwa hasi iko sawa, chipu imeungua kwa kushikana ndani. Ing'oe, na kabla ya kuweka mpya chomoa bodi ya Arduino ukaipime peke yake kwa umeme wa USB, kwa sababu imeshakunywa volti 12 zote.